Kaunti Isiyoweza Kumnyamazisha Jogoo

Sisi tuliotoka Kenya tumezoea kuzilalamikia kaunti kwa sababu zina madaraka kupita kiasi. Tunalalamika kwamba msafara wa gavana umetufukuza barabarani, kwamba mwakilishi wadi amepelekwa ng'ambo kujifunza namna ya kuzoa taka na amerudi na picha tu, na kwamba bunge la kaunti limepitisha ada mpya juu ya jambo ambalo jana lilikuwa bure. Nilipohamia jimbo la Alabama, Marekani, na kuambiwa kwamba makazi yangu yatakuwa chini ya kaunti, niliyabeba manung'uniko hayo yote kama yalivyo, nikitarajia kuyatumia tangu juma la kwanza. Hayakunifaa hata kidogo, kwa maana kaunti za huku humkera mtu kwa kutoweza kufanya lolote.

Jirani yangu anafuga majogoo. Sisemi kuku, maana kuku ningewaelewa. Nasema majogoo, kundi zima, kila mmoja na kibanda chake, nao huanza kuwika saa tisa usiku na kujibizana hadi jua linapopanda. Mimi sina ugomvi na jogoo, kwa kuwa nimezaliwa katika boma lenye jogoo, lakini jogoo wa kwetu alikuwa mmoja, alikuwa na ratiba, na akizidisha alikumbuka kwamba wageni hufika bila kupiga hodi. Majogoo wa jirani hawana hofu hiyo. Nyumba zetu zimo nje ya mipaka ya mji, kwa hiyo sheria ndogo za mji hazitufikii, nami nikahitimisha kwamba mwenye kauli juu ya kelele hizo ni kaunti.

Nikaenda kwenye mkutano wa makamishna, yaani wale waliochaguliwa kuiendesha kaunti yangu, ambayo sitaitaja kwa sababu bado ninaishi humo na magari yangu husajiliwa humo. Palikuwa na bendera mbili, palikuwa na sala ya kufungulia, palikuwa na kiapo cha utii, na sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, alikuwa amesimama mlangoni na bastola kiunoni. Nilipoona fahari hiyo nilijiambia kwamba majogoo yale yamekwisha. Nikaeleza shida yangu kwa adabu, na mwenyekiti akanisikiliza kwa huruma ya kweli, kisha akaniambia: «Bwana, tunakuelewa kabisa, hata mimi nyumbani kwangu nina jirani wa namna hiyo, lakini kaunti haina uwezo wa kutunga sheria ya jogoo. Itabidi tuwaombe wabunge wetu watupelekee mswada kwenye Bunge la jimbo, kule Montgomery.» Nilimtazama sherifu, nikaitazama bastola, nikaona kwamba nayo imekaa pale kwa ajili ya mapambo.

Alabama ina kaunti 67. Zinatengeneza barabara, zinaendesha mahabusu, zinauza vibao vya nambari za magari, lakini linapokuja suala la kutunga kanuni, kaunti hufanya kile tu ambacho Bunge la jimbo limeiruhusu kufanya, na Bunge hilo lina maseneta 35 na wawakilishi 105, ambao wengi wao hawajawahi kupita hata karibu na nyumba yangu. Kikao chao cha kawaida kina siku 30 za kazi, zinazopaswa kumalizika ndani ya siku 105 za kalenda. Katika siku hizo 30 wanatakiwa kupanga bajeti ya shule na ya magereza, na kando ya hayo kusikiliza kaunti moja ikitaka kubadilisha mshahara wa ofisa wake na nyingine ikitaka ruhusa ya kuendesha bingo.

Nikakumbuka Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambalo watu wengi kwetu hawalisomi isipokuwa wakiwa na kesi. Humo kaunti imekabidhiwa udhibiti wa kelele na kero za umma, imekabidhiwa leseni za mbwa, na imekabidhiwa hata mahali pa kuwazikia wanyama. Ningekuwa bado nyumbani ningemfuata mwakilishi wadi wangu hadi kwenye mazishi, maana ndiko wanakopatikana, nikamshika mkono mbele ya watu na nisimwachie mpaka aahidi kuleta hoja. Asingeitimiza, hilo nalijua. Lakini angalau mtu aliyenidanganya angekuwa na uwezo wa kutimiza alichonidanganyia.

Sasa, katika habari hiyo ya maziko ya wanyama, Alabama nayo haikubaki nyuma, ila imeifanya kwa namna yake. Katiba ya jimbo imebeba kifungu kuhusu namna ya kuondoa mizoga ya mifugo katika kaunti ya Limestone, na imebeba kingine cha kudhibiti mbu katika kaunti ya Mobile. Katiba, nasema, ile ambayo watoto hufundishwa kuiheshimu. Kwa kuwa kaunti haikuweza kujiamulia, na wakati mwingine hata sheria ya kawaida ya Bunge haikutosha, kila tatizo dogo lilibidi lipandishwe hadi kwenye katiba, ikawa ile katiba ya mwaka 1901 imerekebishwa zaidi ya mara 900, na sehemu kubwa ya marekebisho hayo yanahusu kaunti moja au mji mmoja tu. Mwaka 2022 wapigakura waliidhinisha katiba iliyopangwa upya, na marekebisho ya kila kaunti yakawekwa mahali pake, jambo linalorahisisha kumtafuta mbu wa Mobile lakini halimpi mtu wa Mobile ruhusa ya kumpiga mbu wake bila kuuliza.

Wala msidhani kwamba mambo haya yalitokea kwa uzembe. Waliokutana Montgomery mwaka 1901 walijua wanachokifanya; mwenyekiti wao, John B. Knox, alitamka waziwazi katika hotuba yake ya ufunguzi kwamba lengo ni kusimika utawala wa watu weupe. Katika kaunti zenye watu weusi wengi, kumwachia mkazi madaraka ya kwake kulikuwa hatari kwa mpango huo, na katiba waliyoiandika iliyashika madaraka huko juu. Leo anayekosa usingizi ni yeyote yule, na jogoo habagui.

Kuna utaratibu, bila shaka. Mswada wa kaunti moja haupelekwi Bungeni kimyakimya. Lazima kwanza utangazwe katika gazeti la kaunti hiyo, mara moja kila juma kwa majuma manne mfululizo, na kama kaunti haina gazeti, tangazo libandikwe kwa majuma mawili mfululizo mahali patano tofauti. Nilipoelezwa hivyo nilicheka, nikauliza ni nani anayesoma matangazo hayo ambayo herufi zake ni ndogo kuliko mbegu za mtama. Mwanasheria wa kaunti hakucheka, akanisimulia habari za kaunti ya Jefferson, ambamo umo mji wa Birmingham. Kaunti hiyo ilikuwa ikitoza kodi ya ajira iliyoingiza makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Alabama ikaifuta sheria ya kodi hiyo, kwa sababu tangazo lake halikutolewa kama katiba inavyotaka. Kaunti ikawarudia wabunge wake kuomba chanzo kingine cha mapato, nao hawakuelewana. Wafanyakazi mamia wakapumzishwa, watu wakapanga foleni za saa nyingi kwa ajili ya kibao cha gari, na Novemba ya mwaka huo kaunti ikatangaza kufilisika, ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni nne. Sehemu kubwa ya deni ilitokana na mfumo wa majitaka, siyo na gazeti, lakini tangu nisikie habari hiyo mimi husoma kila tangazo, hata la mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

Na mswada ukishatangazwa, hupimwa na wabunge wa kaunti husika peke yao. Wengine wote, kwa heshima, hawajiingizi. Wanawaachia wenye kaunti yao wakubaliane, nao wakishakubaliana wenzao hawawazuii. Linasikika kuwa jambo la kistaarabu, hadi utambue kwamba kaunti ikiwa na seneta mmoja, basi ana nguvu kuliko makamishna wote, sherifu, na majogoo kwa pamoja. Mara nyingine jambo la kaunti moja hugeuka kuwa la wote. Mwaka 2016, katika karatasi ya kura ya jimbo zima, wapigakura waliulizwa kama wafanyakazi wa sherifu wa kaunti ya Etowah wawekwe chini ya bodi ya utumishi ya ofisi ya sherifu huyo. Watu wa pwani ya Mobile, ambao Etowah kwao ni safari ya kutwa, wakaombwa ushauri juu ya utumishi wa askari wasiowajua.

Nikauliza kama hakuna njia ya mkato. Ipo. Tangu mwaka 2005 kuna sheria inayoiruhusu kaunti kujipatia madaraka kiasi juu ya magugu, takataka, magari chakavu, kelele na wanyama wasumbufu, mradi wakazi wake wakubali kwa kura. Sheria hiyo inakataza kabisa kaunti kuitumia kutoza kodi. Basi nikawaambia makamishna: «Waheshimiwa, si mtuitishe kura?» Wakatazamana. Mmoja wao akanieleza kwa upole kwamba wapigakura wa huku wakisikia kaunti inataka kujitawala hawasikii habari ya jogoo, wanasikia kodi, hata ukiwasomea kifungu kinachoikataza kodi, na yeye binafsi anagombea tena mwaka ujao.

Kwa hiyo tukaenda njia ndefu. Mswada ukaandikwa, ukatangazwa majuma yote manne, nami nikayakata matangazo yote nikayahifadhi, nikiikumbuka kaunti ya Jefferson. Mwakilishi wetu akaupenda. Seneta naye akaupenda, ila akasema kwamba sheria ya wanyama wenye kelele ni lazima iseme bayana kwamba mbwa wa kuwindia hawahusiki. Yeye mwenyewe ana mbwa wa kuwindia, na wanabweka kwa sababu ya msingi. Mwakilishi, ambaye jirani yake ni seneta, hakukubaliana. Mwanasheria akaongeza kwamba kuingiza mbwa katika mswada uliotangazwa kuwa wa majogoo kunaweza kuwa ni kubadilisha kiini chake, na tangazo likaonekana halitoshi, na sote tukarudi gazetini. Wakati wanabishana, siku 30 zikaisha na kikao kikafungwa.

Makamishna wamekwisha kuandaa orodha mpya ya maombi ya kupeleka Montgomery mwakani. Majogoo wamo, namba saba. Namba moja ni nyongeza ya posho ya safari ya makamishna wenyewe, kwa sababu kwenda kuomba miswada kumewagharimu mafuta mengi, na mwanasheria amewaeleza kwamba kaunti haiwezi kuipandisha posho hiyo mpaka Bunge lipitishe mswada.