Mark Martin na pointi 46 za Richmond

Novemba 2025 pale Phoenix, dereva Denny Hamlin alikuwa na ubingwa wa NASCAR, mashindano makubwa ya magari ya Marekani, mkononi hadi bendera ya njano, ishara ya hatari inayokatiza mbio, ilipotoka ikiwa imebaki mizunguko 3. Taji likaenda kwa Kyle Larson, na mjadala wa zamani ukarudi. Dereva aliyeshinda mbio 60, kama Hamlin kwa wakati ule, lakini hajawahi kuwa bingwa wa msimu hata mara moja, tumweke wapi? Kila mjadala huu unapoibuka, Mark Martin wa Batesville, Arkansas, ndiye anayetolewa mfano: aliyezoea nafasi ya pili, mtu mwema asiye na taji. Nimesikia hivyo mara nyingi mno, na naona wengi wanamhukumu bila kukaa chini na hesabu yenyewe.

Wanaomshusha wana hoja, tena nzito. Martin aliingia kwenye mbio 882 za daraja la juu akashinda 40, yaani ushindi mmoja kwa kila mbio 22. Dale Earnhardt alishinda 76 katika mbio 676. Jeff Gordon alishinda 93 katika 805. Hao wawili walikuwa wanashinda takriban moja katika kila tisa. Daytona 500, mbio ambazo kila dereva anataka kuzeeka akizisimulia, Martin hakuwahi kuzishinda. Nafasi ya pili ya msimu aliishika mara 5: 1990, 1994, 1998, 2002 na 2009. Ukikosa mara moja watu watasema bahati mbaya, ila ukikosa mara tano wataanza kukutazama wewe mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mara hizo tano hazifanani hata kidogo. Mwaka 1994 Earnhardt alikuwa mbali sana, hakuna wa kubishana naye. Mwaka 1998 Martin alishinda mbio 7, na Gordon akashinda 13 katika moja ya misimu bora kuwahi kuonekana. Mwaka 2002 alizidiwa na Tony Stewart kwa pointi 38. Msimu huo alinyang'anywa pointi 25 kwa sababu ya springi isiyokidhi kanuni, lakini hata angerudishiwa, pengo la 13 lingebaki palepale. Basi nusu ya mjadala huu inasimama juu ya mwaka mmoja tu, 1990, na ndani ya mwaka huo juu ya siku moja ya Februari.

Siku hiyo Martin alishinda mbio za Richmond, Virginia. Ukaguzi wa baada ya mbio ukagusa bamba linalokaa chini ya kabureta na kuiinua juu ya njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Kanuni iliruhusu bamba la inchi 2, lake lilikuwa la inchi 2.5. Hapo watu wengi hufunga faili: kanuni imevunjwa, adhabu imetoka. Lakini bamba lile lilikuwa limefungwa kwa bolti. Kama mafundi wa Jack Roush, mwenye timu ya Martin, wangelichomelea kwenye ile njia ya hewa, lingehesabiwa kuwa sehemu yake na gari lingepita ukaguzi likiwa na kimo kilekile. Hewa ingepita palepale na injini ingevuta vilevile. Kosa lote lilikuwa kwenye namna kipande kilivyoshikizwa.

NASCAR ikaitoza timu faini ya dola 40,000 na kumkata Martin pointi 46. Rufaa ya Roush ikakataliwa. Ushindi wenyewe, hata hivyo, ukabaki kwa jina lake, na mpaka leo umo katika zile 40. Hapa ndipo ninapokwama kila ninapoifikiria. Kama gari halikuwa halali, kwa nini alibaki mshindi? Na kama alikuwa mshindi halali, kwa nini alilipwa pointi za mtu aliyefika wa kumi? Maana ndivyo ilivyokuwa. Kwa mfumo wa wakati ule mshindi alipata 175, na 5 za kuongoza mzunguko, jumla 180. Wa kumi alipata 134. Toa moja katika nyingine, unapata 46 kamili. Walimwacha na kombe la Richmond na kumpa hesabu ya mtu mwingine.

Msimu ulipoisha, Earnhardt alikuwa na pointi 4,430 na Martin 4,404. Tofauti 26.

Mashabiki wa Earnhardt wana jibu, na ni jibu zuri kuliko wanavyolitumia. Wiki moja kabla ya Richmond, Earnhardt aliongoza mizunguko 155 kati ya 200 ya Daytona 500. Alikuwa mbele mpaka mzunguko wa mwisho kabisa, tairi likapasuka baada ya kukanyaga kipande cha chuma barabarani, na Derrike Cope akapita. Earnhardt akafika wa tano. Pointi zake zikawa 165 badala ya 185 (humo 5 za kuongoza mzunguko na 5 za kuongoza mizunguko mingi kuliko wote), yaani alipoteza 20. Sasa mrudishie Martin zile 46 zake: 4,450. Mrudishie Earnhardt 20 zake: 4,450. Wanalingana! Na wakilingana, anayeangaliwa ni mwenye ushindi mwingi, na hapo Earnhardt, aliyeshinda 9 msimu ule dhidi ya 3 za Martin, angechukua taji hata hivyo.

Hesabu hiyo ilinifanya nisite kwa muda mrefu, na sitaki kuipita haraka. Ni hoja kali kuliko zote za upande ule. Lakini tairi la Daytona lilipasuka barabarani, mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna binadamu aliyeamua lipasuke. Vyuma vya barabarani vinampata yeyote, na Martin naye alikuwa na siku zake za namna hiyo. Zile 46 ziliamuliwa na watu waliokuwa na adhabu kubwa na ndogo za kuchagua. Wangeweza kutoza faini peke yake. Walichagua idadi inayotosha kugeuza msimu, kwa kosa ambalo halikuongeza kasi ya gari. Mtu anaweza kusema kanuni ni kanuni, na kwamba timu iliyokuwa katika msimu wake wa tatu tu ilipaswa kusoma kitabu cha kanuni vizuri. Nakubali timu ilizembea. Kulingana kwa adhabu na kosa ni jambo jingine, nalo sijaona likijibiwa.

Halafu kuna athari ambayo haionekani kwenye jumla ya mwisho. Mbio za mwisho zilikuwa Atlanta. Earnhardt aliingia akiwa mbele kwa pointi 6. Timu ya Roush, kwa kuhaha, ikaacha magari yake yenyewe ikaazima gari la timu ya Robert Yates. Martin akafika wa sita, Earnhardt wa tatu. Wakosoaji husema hapo ndipo Martin alipoupoteza ubingwa, kwa uamuzi wa kubahatisha. Lakini bila ile adhabu angeingia Atlanta akiongoza kwa 40, na mwenye uongozi wa 40 haendi kuazima gari.

Je, mtu wa ushindi 3 alistahili kumpita mwenye 9? Kwa moyo wa shabiki, pengine hapana. Ila mfumo ule ulitumika tangu 1975, ukampa wa pili pointi 170, tano tu chini ya mshindi, kwa makusudi ya kumtuza anayefika vizuri kila wiki. Wote wawili walimaliza ndani ya kumi bora mara 23 katika mbio 29. Kila dereva aliendesha akijua hivyo, na mataji mengine ya enzi ile tunayaheshimu bila kuuliza swali hili.

Ninapotaka kupima dereva peke yake, mbali na injini na fedha za timu, huenda kwenye IROC. Huko madereva kutoka mashindano mbalimbali walipewa magari yanayofanana, yaliyoandaliwa na mafundi walewale. Martin alikuwa bingwa mara 5: 1994, 1996, 1997, 1998 na 2005. Hakuna aliyemfikia. Earnhardt alikuwa na mataji 4. Martin alishinda mbio 13 za IROC, nyingi kuliko dereva yeyote. Ni kweli msimu wa IROC ulikuwa na mbio chache, na hakuna aliyepoteza kazi kwa kushindwa huko. Lakini wanaosema Martin hakuwa na ukali wa kumaliza kazi wanieleze ni nani aliyekuwa anamalizia pale, gari la kila mtu likiwa sawa na la mwenzake.

Ukali huo hawakuuona kwa sababu hakuwa mtu wa kugonga wenzake. Alijulikana kwa kumpa mwenzie nafasi, na wengi walifanya kosa la kuuita udhaifu. Huyu ni mtu aliyeanzisha timu yake mwenyewe, ikafilisika, akauza magari na vifaa kwa mnada, akarudi kwenye mbio za ASA, mashindano ya chini ya NASCAR, alikokuwa bingwa mara tatu mfululizo, akatwaa la nne mwaka 1986, ndipo Roush akamchukua 1988. Agosti 1998 baba yake, Julian, alifariki katika ajali ya ndege, pamoja na mke wake na binti yao. Wiki mbili baadaye Martin alishinda Bristol. Daytona ya 2007 aliongoza hadi mita za mwisho, nyuma yake magari yakigongana na bendera ya njano isitoke. Kevin Harvick akampita kwa sekunde 0.020. Alikuwa na kila sababu ya kulalamika hadharani, na hakulalamika.

Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 50 na gari namba 5 la timu ya Hendrick, alishinda mbio 5 na kumaliza wa pili nyuma ya Jimmie Johnson aliyekuwa akichukua taji la nne mfululizo. Pengo lilikuwa pointi 141. Hilo ni la Johnson, alilipata kihalali, kama la 1998 lilivyokuwa la Gordon. La 1990 nitaendelea kuliandika na ile 46 pembeni yake, na anayetaka kulitumia kumshusha Martin aanze kwa kunieleza kwa nini kipande kilekile kingekuwa halali kama kingechomelewa.