Duka Langu Halikimbii

Jamani, hii ni nchi ya Filbert Bayi. Mwaka 1974, kule Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, na alikimbia kwa miguu. Kukimbia tunakujua. Sasa Waingereza wamelichukua hilo neno lao, run, wakaligawia kila kitu isipokuwa miguu.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote sasa ni kwa Kiingereza. Kaja na insha: "My father runs a shop." Nikamwambia, mama, mimi na goti hili nimkimbize nani? Duka lenyewe tangu nilifungue halijavuka mtaro. Akacheka, akafungua kamusi. Kumbe kuendesha duka ni run. Maji yakitoka bombani, run. Sijui bomba la nani hilo, la kwetu hata lingetambaa ningeshukuru. Pua ikichuruzika kamasi, run. Soksi ndefu ya bibi harusi ikifumuka uzi, nayo imo mbioni. Mtu anagombea urais, kaketi ndani ya gari lenye kiyoyozi, eti anakimbia! Sukari ikiisha dukani, imekimbia. Ukimkanyaga mbuzi kwa gari, umekimbia juu yake. Ukikutana na shemeji yako sokoni bila kutarajia, umekimbia ndani yake. Hebu nenda kamweleze kaka yako hivyo uone.

Halafu jana ni ran, lakini wakilitangulizia have, linarudi kuwa run. Limetoka, limechoka, limerudi kwao.

Na wenyewe linawatoa jasho. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi ya Oxford, alikaa miezi 9 na neno hilo moja. Mimba kamili, bwana! Akajifungua maana 645, za kitenzi peke yake, nomino bado iko leba.

Najua mtaniletea habari za kupiga: pasi, mswaki, deki, kura. Sawa. Lakini sisi tunapiga huku tukijua tunapiga.

Mtaa huu anayekimbia kama Bayi ni mmoja tu, jamaa aliyenikopa unga na sukari. Akiniona natokea kona ya msikiti, vumbi tu. Nikamwuliza binti, huyo je, si ndiye run mwenyewe? Akapekua daftari.

"Hapana, baba. Mwalimu alisema huyo ni avoid."