Breki ya Kushoto

Mimi ni mtoto wa Busia, na mtoto wa Busia hafundishwi habari ya baiskeli. Ni kwetu mpakani, Busia na Malaba, ambako tangu miaka ya 1960 vijana walipakia wasafiri kwenye karea na kuwavusha kutoka kizuizi cha Uganda hadi kile cha Kenya wakinadi “boda, boda”, na jina hilo ndilo ambalo pikipiki za Kampala zimelirithi bila kutulipa hata shilingi moja. Marehemu baba yangu alikuwa miongoni mwa vijana hao. Mimi mwenyewe nilijifunza kuendesha kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la katikati, kwa kuwa kiti sikukifikia, na kabla sijaota ndevu nilikuwa nimekwisha kupakia mahindi, mihogo, shangazi wawili kwa safari moja, na siku fulani kitanda. Nayaeleza haya mapema ili msomaji aelewe kwa nini shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliponiuliza likizo ya Desemba iliyopita kama ningeweza kushuka njia za baiskeli za kwao Sipi, nilicheka kicheko ambacho mpaka leo nakionea haya.

Wakwe zangu ni Wasabiny. Sipi imeegemea ubavu wa Mlima Elgon, katika wilaya ya Kapchorwa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na hapo mto mmoja huanguka mara tatu, maporomoko makubwa zaidi yakiwa na kimo cha karibu mita 100. Mahali hapo ardhi haiteremki kama ardhi nyingine, bali hukatika. Unatembea katikati ya migomba na mibuni, mara jabali limesimama wima chini ya vidole vya miguu yako, na mbele yako ni tambarare inayokwenda kupotelea upande wa Karamoja. Nilikuwa nimeitazama mandhari hiyo mara nyingi na kuisifu, lakini sikuwahi kuifikiria kuwa ni njia.

Liko jambo jingine ambalo sharti nilitaje hapa, ingawa siku ile niliamini halihusiani na baiskeli. Kwetu sisi Wasamia mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hampi mkono, haketi naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hujitenga kando mpaka mwenzake apite. Kwa miaka 9 ya ndoa nilikuwa nimeishika desturi hiyo kwa uangalifu mkubwa, nikisalimiana na mama huyo kwa mbali, kila mmoja akiwa upande wake wa ua, na mke wangu akipeleka maneno huku na huku kama karani wa mahakama.

Basi shemeji akanitolea baiskeli. Yeye huongoza watalii, na hiyo aliachiwa na Mjerumani mmoja aliyemaliza likizo yake. Ilikuwa na matairi mapana yenye meno, springi mbele, breki za sahani, na gia nyingi kuliko mahitaji ya binadamu. Haikuwa na kengele, wala madigadi, wala kisimamio, na lililonishangaza zaidi, haikuwa na karea.

“Sasa mgeni huketi wapi?” nikamuuliza.

“Shemeji, hii si ya kupakia. Hii ni ya kushuka.”

Nikamwonea huruma Mjerumani yule, aliyetumia fedha zote hizo kwa chombo kisichoweza kubeba hata gunia la mkaa. Shemeji akaendelea kunieleza kwamba kwenye mteremko mtu husimama juu ya pedali, hukunja magoti, hurudisha makalio nyuma ya kiti, na hutazama anakotaka kwenda badala ya kutazama anachokiogopa. Nilitikisa kichwa kama mwalimu mkuu anayesomewa taarifa aliyoiandika mwenyewe. Nakumbuka kwamba aliongeza neno fulani kuhusu breki, lakini wakati huo nilikuwa nimeshughulika na kamba ya helmeti, ambayo ilikuwa imebana ngozi ya kidevu changu, na mtu aliyebanwa kidevu hasikii vizuri.

Tulianza kwa kupanda kuelekea Kapkwai, ukingoni mwa msitu wa hifadhi, na juu ya sehemu hiyo sitasema mengi, kwa kuwa sehemu kubwa nilitembea. Watoto waliokuwa wakienda kuchota maji walitupita mbio, wakatungoja wakicheka, kisha wakatupita tena. Sikuona aibu. Wilaya hii ndiyo iliyomtoa Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki jijini London mwaka 2012, na ndiyo nyumbani kwa mkimbiaji Joshua Cheptegei, kwa hiyo mtu anayepitwa na mtoto wa Kapchorwa mwenye dumu mkononi hawezi kujua amepitwa na nani. Msituni kulikuwa na ubaridi mzuri. Mbega walituangalia kutoka juu ya miti wakiwa wametulia katika makoti yao meusi na meupe, kama wazee wa baraza waliokwisha kujua hukumu.

Kisha tukageuza.

Kwa muda wa dakika kumi hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kubwa. Njia ilikuwa nyembamba, ikipita mashamba ya kahawa na nyuma ya nyumba za watu, upande mmoja ukuta wa jabali na upande wa pili hewa tupu. Udongo wa Elgon, kama ilivyo kawaida ya udongo wa volkano ya kale, umerutubika sana, na ukinyeshewa usiku mmoja tu huteleza kama sabuni. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Hata hivyo baiskeli ya Mjerumani ilishika ardhi vizuri, sikugusa breki hata mara moja, nami nikaanza kuimba.

Hapo ndipo aliponipita mzee. Alikuwa juu ya baiskeli nyeusi ya kawaida, ya aina ile ile aliyokuwa nayo baba, na nyuma yake mikungu mitatu ya matoke imefungwa kwa mipira ya matairi. Baiskeli yake haikuwa na breki yoyote. Alipotaka kupunguza mwendo aliinua mguu na kuukandamiza unyayo wa kiatu chake cha tairi juu ya tairi la mbele, mpira kwa mpira, kukatoka mlio kama wa nguruwe aliyekanyagwa. Akanisalimia kwa heshima, akapotea kwenye kona. Mtoto wa Busia hapitwi na matoke. Nikakanyaga pedali.

Sasa naomba niueleze ufundi wenyewe, kwa sababu nimeufikiria sana tangu siku hiyo nikiwa nimelala kifudifudi. Katika baiskeli zetu, ambazo zimefuata desturi ya Kiingereza, mkono wa breki wa kulia hufunga gurudumu la mbele na wa kushoto hufunga la nyuma. Mtu mwenye akili anayetaka kupunguza mwendo kwenye mteremko huvuta wa kushoto, na vidole vyangu vilikuwa vimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30 bila kuniuliza. Wajerumani wamepanga kinyume. Kona ilipofika, ikiwa na ukuta kulia, hewa kushoto na ua wa miti mbele, nilivuta breki ya kushoto kwa nguvu zote alizonijalia Mungu. Gurudumu la mbele likasimama pale pale kwa utiifu wa ajabu. Mimi sikusimama.

Niliruka juu ya usukani, nikapita juu ya ua, na nilipokuwa hewani nikapata nafasi ya kutambua mambo mawili. La kwanza ni kwamba paa la bati lililokuwa chini yangu nililifahamu, ingawa siku zote nilikuwa nimeliona kutoka upande wa barabara, wala sikujua kwamba njia ile hupita nyuma yake. La pili ni kwamba kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya turubai uani, imemenywa, imeoshwa, imekaribia kukauka, na kando yake mwanamke mmoja alikuwa ameinama akichambua zilizoharibika.

Niliangukia turubai kwa tumbo, nikateleza juu ya kahawa kama mtumbwi unaoshushwa majini, na helmeti yangu ikasimamia mapajani mwa mama mkwe wangu.

Hakuna aliyesema kitu. Kuku mmoja alikimbia. Kisha mama huyo, ambaye kwa miaka 9 sikuwahi kumsikia akisema nami moja kwa moja, akaitoa punje ya kahawa kwenye nyusi yangu, akaiangalia kama ni nzima, akairudisha kwenye rundo, na kusema kwa Kiswahili safi:

“Karibu, mwanangu. Lakini mlango uko upande ule.”

Magoti yalichubuka, mdomo ukavimba, na kahawa ilinitoka masikioni kwa siku mbili. Hayo hayakuwa kitu. Jambo zito lilikuwa kumpigia simu baba yangu mdogo kule Busia na kumweleza, na yeye baada ya kunyamaza kwa muda mrefu, muda ambao bila shaka alikuwa ameweka mkono juu ya simu ili acheke, akatoa hukumu: mbuzi, na asiwe mwembamba.

Nilimnunua sokoni chini, lakini mbuzi huyo alipouona mlima alilala barabarani akakataa kutembea. Shemeji alikuwa na baiskeli ya Mjerumani, iliyotoka bila mkwaruzo, nami nikamwuliza kwa upole mbuzi ataketi wapi. Hakunijibu. Aliyetuokoa ni mzee yule yule, aliyekuwa amekwisha kuuza matoke yake na sasa akirudi na karea tupu. Akamfunga mbuzi kwa ile mipira, tukakubaliana malipo, akaanza kuisukuma baiskeli. Mbuzi alipanda mlima akiwa ameketi. Mimi nilifuata kwa miguu nikichechemea, huku mzee, ambaye baiskeli yake haikuwa na breki hata moja, akinieleza njia nzima namna inavyofaa kushika breki.