Kati ya tatu na mbili pana nini?

Juzi baada ya isha mpwa wangu, darasa la sita hapa Chake, kanijia na karatasi ya tuisheni. Kosa jekundu limechorwa kwa hasira mpaka karatasi imetoboka. Swali: 1/12, 1/6, 1/4, 1/3, __, 1/2. Yeye kajaza moja juu, chini mbili na nusu.

"Mjomba, si mwalimu katwambia tuangalie juu peke yake na chini peke yake? Juu zote moja. Chini 12, 6, 4, 3, kisha mwisho 2. Kati ya tatu na mbili nitie nini?"

Kanifunga mdomo. Wallahi mtoto huyu kafuata alichofunzwa mpaka mwisho wa njia, na mwisho wa njia pana shimo. Nyuma ya karatasi jibu limeandikwa 5/12. Basi! Limetoka wapi, limekuja na boti gani, hakuna. Na hiyo tuisheni tunailipia.

Nikamuuliza, katika vipimo vya bibi yake, kibaba ni sehemu gani ya pishi? Robo. (Anajua, msimu wa karafuu haachani na bibi yake.) Kisaga? Nusu. Vibaba vitatu? Robo tatu. Vinne? Pishi. Haya andika: 1/4, 1/2, 3/4, 1. Sasa angalia juu peke yake: 1, 1, 3, 1. Chini: 4, 2, 4, 1. Mfuatano uko wapi? Hauonekani, na bibi kazi yake ilikuwa kuongeza kibaba kimoja kimoja tu! Kisaga ni vibaba viwili vilivyopewa jina jingine. Kurahisisha ndiko kulikouficha mfuatano, kwa hivyo virejeshe kwenye vibaba: KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili zote, yaani namba za chini, ni 12, andika 1/12, 2/12, 3/12, 4/12, pengo, 6/12. Kacheka peke yake kabla sijamaliza.

Haya, nakubali, ile mbinu ya juu na chini huwa inafaa. 2/3, 4/9, 8/27, inayofuata 16/81, huhitaji mjomba. Lakini tangu lini mbinu ya siku moja ikawa sheria? Chuoni, yaani madrasa, mtoto huyu huyu anasoma mafungu ya mirathi: thuluthi mbili, thuluthi, sudusi. Kila moja nusu ya iliyotangulia. Yaandike 2/3, 1/3, 1/6 uangalie juu peke yake uone utafika wapi.

Na nyinyi mnaotunga "1/2, 1/4, __" mkaondoka zenu: mnataka 1/8, 1/6 au 0? Zote zina kanuni yake: kugawa nusu, kuongeza mbili chini, kupunguza robo.

Nikamwambia kesho ampelekee mwalimu, amuoneshe. Kakataa. "Atanambia najifanya mjuaji."

Basi Jumamosi nakwenda mwenyewe, na pishi ya bibi yake kwapani.