Mbuzi ni wewe mwenyewe

Najua wengi mshaisikia toka kwa jamaa yangu mmoja wa Area C hapa Dodoma, na kwenye stori yake eti mimi nimetukana matusi ya nguoni. Muongo. Nguo ya mtu sijaigusa. Ngoja niwape yenyewe kabla haijapanda SGR kwenda Dar.

Mnaonijua mnajua mimi wakala, kibanda changu kipo Makole, na ukutani nimeandika kwa maka peni kubwa MESEJI YA UTAPELI RIPOTI 15040. Kila mama akija kutuma hela namhoji kama polisi, unamjua unayemtumia? umempigia ukasikia sauti yake? Yaani mimi ndo mwalimu wa watu.

Sasa jana asubuhi zishaingia tatu. Freemason wananiita nikatajirike. Mganga ana dawa ya kurudisha mpenzi, na mpenzi mwenyewe hajaondoka (kwa hapo jana). Ya tatu mwanangu kaanguka shuleni nitume hela ya matibabu, mimi sina mtoto hata wa kusingiziwa. Kichwa kishapata moto, inaingia ya nne: "Ile hela ya mbuzi tuma namba hii jina litakuja lingine."

Jamani. Ile hela. Namba hii. Jina lingine. Ungekuwa wewe?

Nikajibu: "Mbuzi ni wewe mwenyewe. Mzee mzima unatapeli, shika jembe ukalime. Hela utaiona punda akiota pembe." Nikairipoti namba 15040, nikapiga skrinshoti nikaitupia stetasi. Wakala hatapeliki!

Dakika 20 hazijaisha mchumba wangu anapiga toka kwao Kongwa. Mikono yote imejaa hela ya mteja, nikabonyeza laudi spika. Foleni ina watu wanne, na huyo jamaa wa Area C yupo kwenye benchi anakunywa soda ya mkopo.

"Usikate. Baba anataka usikilize."

Kimya. Kuku analia huko. Halafu nikamsikia mzee, taratibu kabisa, "Mjukuu wangu, hebu isome tena." Katoto kako kama darasa la pili hivi kakaanza kuunganisha: "M-bu-zi... mbuzi. Ni. We-we... wewe. Mwe... mwe-nye..." "Mwenyewe," mtu mwingine akakasaidia, sauti nzito, ya heshima. Mkono unakataa kwenda kwenye simu. Noti zimenipotea, nimefika elfu 40 au elfu 80 sijui. Mama mmoja kwenye foleni katua kikapu chini ili asikie vizuri. Katoto kakaruka neno, mzee akakarudisha. Kalipofika kwa punda kakacheka, na hapo ndo jamaa yangu soda ikamtokea puani.

Kumbe kitochi cha mzee kilizima chaji, na mbuzi ndo wale wanne wa mahari, tulikubaliana nitume hela badala ya kuwapakia kwenye basi.

Basi nimeomba msamaha, nimepiga magoti kwa simu, salamu yangu ya Kigogo, "mbukwenyi", haikuitikiwa, nimetozwa faini mbuzi wa tano, yakaisha. Mchumba ananijibu "sawa" tu.

Kimebaki kimoja. Ile sauti nzito ni ya mchungaji wao, simu ilikuwa yake, mzee aliazima. Ndo atakayetufungisha ndoa Desemba, na namba yake ndo niliyoiripoti. Anayejua ripoti inafutwaje anicheki inboksi, ila ukija na namba ngeni sijibu.