Niandalie Majani

Binamu yangu ndiye aliyeniunganishia kibarua: kumbebea mizigo daktari wa mimea aliyekuwa anapanda kilele cha Lupanga kwenye milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Nikasema mimea haina matata, twende.

Kutwa nzima mama yule anachuma jani bichi, analisogezea kioo cha kukuzia, kidogo tu alibusu, halafu analitia mfukoni. Jioni mvua ya Uluguru imetulowesha chapachapa, akanikabidhi mfuko: "Mdogo wangu, niandalie haya majani nikabadili nguo."

Mimi nimelelewa na bibi. Kwake jani lenye doa haliingii jikoni. Na haya yalikuwa machafu hasa! Mabaka ya kijivu, mabaka ya kijani mpauko, vidoti vyeusi utadhani nzi wamefanyia mkutano. Nikayamwaga kwenye karai, nikachovya kitambaa, nikasugua. Palipogoma nikaweka ukucha, pakabanduka kama rangi ya mlango wa zamani. Yaling'aa, wallahi ungeyapeleka sokoni.

Daktari akatoka hemani na magazeti yake. Kumbe kuandaa ni kuyalaza humo yakauke.

"Likeni zangu ziko wapi?"

"Yale madoa? Nimeshayatoa yote, mama."

Akakaa juu ya kuni. Kuni mbichi, hakuzisikia. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayesimulia msiba: yale madoa ndiyo yaliyomtoa kwao. Ni kuvu na mwani, si ule wa baharini bali vijimea vidogo mno, walioungana kuishi pamoja, wamepanga juu ya jani lililo hai. Jani hawalinyonyi, wanajishikiza tu. Wanakua milimita chache kwa mwaka, na jani likidondoka nyumba imekwisha, ndiyo maana wanapenda misitu hii ya ukungu ambayo majani yake hukaa miaka. Wengine ni adimu kweli. Na mimi nimewafukuza wapangaji wote kwa dakika kumi, bila notisi.

Nikapekua karai kwa jasho. Jani moja lilikuwa na doa! Nikamkimbizia.

Akalitazama. "Hii ni Strigula. Inajichimbia chini ya ngozi ya jani, ndiyo maana hukuiweza." Akashusha pumzi. "Hata kwenye michungwa ya bondeni imejaa."

Kesho yake tukapanda upya, mimi mzigo wote, na kuandaa nimepigwa marufuku. Lakini kabla hatujaondoka aliniomba kile kitambaa. Akakikausha, akakitia kwenye bahasha, akaandika tarehe na mwinuko.