Akili Mnemba Darasani: Kazi Gani Aachiwe Mwanafunzi?

Mjadala kuhusu akili mnemba (AI, yaani programu za kompyuta zinazojibu maswali na kuandika kama mtu) na vifaa vya kidijitali shuleni umekuwa ukiendeshwa kana kwamba la kuamua ni moja tu: viruhusiwe au vipigwe marufuku. Wanaoviunga mkono wanahofia kwamba mtoto atakayemaliza shule bila kuvizoea atahangaika katika soko la ajira; wanaovipinga wanahofia kwamba atakayevizoea mapema mno hatajifunza kufikiri mwenyewe. Hofu zote mbili zina msingi. Hata hivyo, ushahidi uliopo unaonyesha kwamba faida na madhara hutegemea zaidi sehemu ya kazi ambayo mwanafunzi anaachiwa aifanye kwa akili yake, na hilo ndilo linalojadiliwa kwa nadra.

Anayetilia shaka kwamba kifaa kinaweza kumfundisha mtoto na atazame kilichofanyika mkoani Tanga kati ya 2017 na 2019. Kupitia shindano la Global Learning XPRIZE, watoto zaidi ya 2,000 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, waandaaji walitangaza kwamba idadi ya wasioweza kusoma imepungua kwa nusu, na zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Nusu iliyobaki nayo ni kubwa, na haifai kusahaulika katika shangwe. Lakini programu zile zilimtaka mtoto afuatishe herufi kwa kidole, asikilize sauti na kuitafutia herufi yake, ahesabu, na akikosea arudie. Kazi ya kujifunza ilibaki mikononi mwake.

Sasa tutazame upande wa pili. Nchini Uturuki, watafiti waliwagawa wanafunzi karibu 1,000 wa sekondari katika makundi matatu ya mazoezi ya hisabati, na matokeo yao yakachapishwa 2025. Kundi la kwanza lilitumia akili mnemba ya kawaida inayotoa jibu ikiulizwa. La pili lilitumia iliyoandaliwa kwa msaada wa walimu ili itoe vidokezo badala ya majibu. La tatu lilibaki na vitabu na madaftari. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilifanya vizuri kuliko la vitabu kwa asilimia 48, na la pili kwa asilimia 127. Walipoingia kwenye mtihani bila kifaa, kundi la kwanza lilianguka chini ya wale wa vitabu kwa asilimia 17, ilhali la pili halikupata hasara hiyo. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba wanafunzi wa kundi la kwanza hawakuhisi kuwa wamejifunza kidogo. Mtu asiyejua kwamba amepungukiwa hatatafuta msaada, na mzazi anayeona mazoezi yote yamepata vema hatakuwa na sababu ya kuuliza.

Chukua swali ambalo wanafunzi wetu wa sekondari hukutana nalo katika historia: eleza sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Simu janja itatoa sababu sita kwa sekunde chache, kuanzia kodi hadi kilimo cha lazima cha pamba. Mwanafunzi atanakili, mwalimu mwenye madaftari 80 ya kusahihisha ataweka vema, na kipindi kitakuwa kimepita bila mtu kujifunza. Mwalimu huyo huyo anaweza kuanzia kwingine. Awaache wanafunzi waandike kwanza wanayoyajua, kisha awasomee jibu la akili mnemba kutoka kwenye kishikwambi chake na kuwataka walihakiki kwa kitabu: ni hoja ipi haina ushahidi, ipi imeachwa, na je, limeeleza namna dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ilivyowaunganisha watu ambao hawakuwa na mtawala mmoja? Kwa kuwa mashine hizi hukosea kwa lugha fasaha ileile zinayotumia zinapopatia, zoezi hilo linamfundisha mtoto historia na tahadhari kwa pamoja, tena kwa kifaa kimoja.

Kuna hoja ya wanaounga mkono ambayo kwangu ina uzito kuliko zote. Mtoto wa shule ya serikali nchini Tanzania husoma kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, kisha akifika kidato cha kwanza hukutana na fizikia na baiolojia kwa Kiingereza. Wengi hukwama kwenye lugha kabla hata ya kufika kwenye sayansi yenyewe. Akili mnemba inaweza kumweleza kanuni ya tatu ya Newton kwa Kiswahili, kwa mfano wa mtumbwi unaorudi nyuma abiria anaporukia ufukweni, kisha ikamrudisha kwenye Kiingereza cha kitabu. Mwenye uwezo hulipia masomo ya ziada ili kupata msaada kama huo. Bila shaka zana hiyo hiyo inaweza kumwandikia insha nzima ya Kiingereza asiyoielewa, na kwa familia yenye simu ya kitochi peke yake haina msaada wowote.

Marufuku ya wanafunzi kuwa na simu shuleni ninaielewa, kwani darasa linahitaji utulivu. Ila tukiri kwamba kwa upande wa akili mnemba imehamishia matumizi nyumbani, usiku, mahali pasipo na mwalimu.

Kenya imetupa somo la kifaa kutangulia mpango. Ahadi ya 2013 ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilianza kutekelezwa 2016 kwa vishikwambi, na vilivyogawiwa vilizidi milioni moja. Katika shule nyingi viliishia kufungiwa kabatini kwa hofu ya wizi, au kwa sababu walimu hawakuandaliwa vya kutosha kuvitumia. Tanzania, baada ya Sensa ya 2022, iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Naona huo ndio mpangilio ulio sahihi, kifaa kuanzia kwa mwalimu, mradi apewe pia mafunzo na bando lisilotoka mfukoni mwake.

Kuhusu watoto wenyewe, UNESCO ilipendekeza 2023 kwamba umri wa chini wa kutumia akili mnemba inayozalisha maandishi darasani uwe miaka 13, na kwa shule zetu za msingi sioni sababu ya kwenda chini ya hapo. Kwa wakubwa, kazi ya nyumbani isihesabiwe katika alama za mwisho mpaka mwanafunzi aitetee kwa mdomo. Darasa la wanafunzi 80 haliwezi kuhojiwa lote kwa siku moja, lakini wanafunzi watano kila kipindi, bila kujulikana mapema ni akina nani, ni jambo linalowezekana hata kwenye shule isiyo na umeme.